Asiyekohoa Ashukuru Mungu

Mwalimu Flaviana hakuwa mtu wa kuona haya, na ndiyo maana yaliyompata yananiudhi mpaka leo. Miaka ishirini na sita amefundisha baiolojia sekondari, huko Pangani ya Kibaha, si ile ya Tanga. Kila mwaka ikifika mada ya uzazi walimu wenzake wa kiume walikuwa wanasingizia homa, naye anaingia darasani na chaki yake anachora kila kiungo ubaoni na kukiandika jina. Mwanafunzi akicheka anaulizwa, "Unacheka nini? Wewe uliokotwa chini ya mkorosho?" Darasa linanyamaza, somo linaendelea.

Kwa sababu hiyo kikundi kilimchagua awe msemaji. Kikundi chenyewe kilizaliwa msibani. Flora, mwimbaji wa kwaya ya parokia pale Mkuza, aliugua saratani ya titi akaificha, akaja kusema wakati hata kitenge kikimgusa analia. Walipokwisha kumzika, wanawake saba wa jumuiya yake walibaki kuosha masufuria, wakawa wanaulizana ilikuwaje hawakujua, na wao walikuwa wanakutana naye kila Jumamosi. Ndipo wakaanza kuchangia nauli za wagonjwa wa kwenda hospitali Dar. Mwaka wa pili wakawa thelathini, Wakatoliki kwa Walutheri, Wakristo kwa Waislamu. Mwaka wa tatu wakapata mfadhili, fulana za pinki, mahema, na nyumba ya kupanga palepale Mkuza yenye vitanda sita ambamo mgonjwa wa mbali analala akingoja tarehe yake. Watu wakawaita Kikundi cha Flora, na mialiko ikaanza kuja kutoka vijijini.

Mwaliko mmoja ulitoka Masaki. Nchi yetu ina uhaba wa majina, kwa hiyo niseme tena: Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, si ile ya mabalozi. Aliyewaalika alikuwa mtendaji wa kata, kijana anaitwa Evance. Na Evance ndiye aliyemwoa Stellamaris, binti pekee wa Flaviana.

Siku ile, mwezi wa kumi, nesi wao alipata msiba asubuhi, kwa hiyo Flaviana alikwenda kufundisha peke yake. Evance alifungua mkutano vizuri tu. Alisema mgeni wetu ni mwalimu kutoka Kibaha, msikilizeni. Kisha, badala ya kurudi ofisini kwake kama mtu mwenye akili, akavuta kiti akaketi mbele kabisa, mikono juu ya mapaja, anasubiri kuelimishwa.

"Ndugu zangu," Flaviana alianza, "leo tunazungumza habari ya saratani ya..."

Macho yake yakakutana na ya mkwewe. Sasa mkwe mnamjua. Mkwe hapiti uani kukiwa na nguo za ndani za mama mkwe kwenye kamba, na mama mkwe mwenyewe, kwa heshima, anazianika chumbani zikanuka uvundo. Huyu alikuwa ameketi hatua mbili mbele yake, amekodoa macho.

"...ya kifua," alisema Flaviana.

Neno likishatoka limetoka. Kuanzia hapo kila palipokuwa pa titi aliweka kifua. Uvimbe wa kifua. Mabadiliko ya kifua. Mwanamke ajichunguze kifua chake kila mwezi. Ilipofika mahali pa kuonyesha kwa mkono, mwalimu yule wa kuchora ubaoni aligusa mfupa wa katikati kwa vidole vitatu, akaviondoa upesi kama aliyegusa jiko. Wanawake kwenye mikeka walimtazama kwa adabu. Mzee mmoja akauliza kama mwarobaini unafaa kwa kifua. Na hakukosea mzee wa watu. Mtu akikwambia anaumwa kifua, iwe Kisarawe, iwe Kibaha, wewe unaelewa nini? Unaelewa anakohoa.

Kwenye mkeka wa tatu alikaa mwanamke wa makamo mwenye mtandio wa kijani. Akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na kama mtu hakohoi? Hakohoi kabisa, ila mwenyewe anaona kuna kitu?"

Alipouliza alikuwa anatazama mkeka. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mtandio, upande wa kushoto, na Flaviana aliuona. Mwalimu wa miaka ishirini na sita hashindwi kumtambua mtu anayeuliza swali moja huku ameshika jingine. Alielewa palepale. Maneno ya kusema yalikuwa machache: mama, tukimaliza nisubiri. Lakini Evance alikuwa amegeuza shingo kumwangalia muulizaji, kisha akamgeukia yeye, anangoja jibu.

"Asiyekohoa ashukuru Mungu," Flaviana alisema, akatabasamu.

Watu wakacheka. Mwenye mtandio wa kijani naye akacheka kidogo, akashusha kidole chake.

Njiani kurudi Flaviana alijiambia kwamba wiki ijayo atamtuma nesi amtafute yule mama. Wiki ijayo ikawa na mitihani, na iliyofuata ikawa na harusi. Na kusema kweli ni hivi: kumtuma nesi kungemlazimu aeleze kwa nini, na hilo ndilo lililomshinda. Katika taarifa ya kikundi aliandika kwamba wanawake themanini na wawili wa Masaki wameelimishwa. Ikasomwa parokiani, watu wakapiga makofi, naye akainama kama anayetafuta kitu kwenye mkoba.

Miezi kumi na minne ikapita. Kikundi kikarudi Masaki na mahema mawili na nesi mpya, Petronila, dada mmoja mchapakazi aliyejiunga mwaka huohuo. Safari hii hakukuwa na hotuba. Wanawake waliingia hemani mmoja mmoja wakapimwa kwa mikono. Flaviana alikuwa nje anapanga foleni, amevaa fulana ya pinki na kofia.

"Mama Stella," Petronila aliita kutoka ndani, "njoo unishikie tochi, humu giza."

Akaingia. Mwanamke aliyeketi kitini alikuwa amejifunua, mtandio wake wa kijani uko mapajani. Titi la kushoto lilikuwa limekuwa gumu, ngozi yake ina vitundu kama ganda la chungwa, na chuchu imezama ndani. Flaviana alimtambua kabla hajamwangalia usoni. Akaishika tochi kwa mikono miwili.

"Unaitwa nani, mama?" Petronila aliuliza.

"Mwanajuma. Mama Kudra."

"Hiki kitu kina muda gani, Mama Kudra?"

"Mwaka na nusu sasa. Kilianza kidogo, kama kunde."

"Na kikundi chetu kilipita hapa mwaka jana kufundisha. Hukupata habari?"

"Nilikuja," Mwanajuma alisema. "Wakasema kifua. Mimi sikohoi. Nikauliza, mwalimu akaniambia asiyekohoa ashukuru Mungu." Akaanza kujifunika. "Basi, nikashukuru."

Hakuwa analaumu. Alikuwa anajibu alichoulizwa. Petronila aliacha kuandika.

"Mwalimu gani huyo?"

Mwanajuma akafikiri. Alimtazama Petronila, akamtazama na mwenye tochi. Mwaka ule mwalimu alikuja na kilemba kikubwa cha kitenge, mnene, ana miwani myeusi. Huyu mwenye tochi alikuwa amekonda kwa kisukari, ana miwani myembamba na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. "Simjui jina," alisema.

"Labda shirika jingine," alisema Flaviana. "Siku hizi yamekuwa mengi, yanapita huku kila mara."

Hapo ndipo ninapomchukia. Ya kwanza nasema haya ilimzidi, uso umeumbwa na haya, hata mimi nina wakwe. Lakini hii ya pili aliisema akiwa amesimama juu ya lile titi na tochi mkononi.

Hospitalini daktari alisema wataanza na dawa za dripu ili uvimbe upungue, kisha upasuaji, kisha mionzi. Alisema matumaini yapo. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mama huyu angeletwa mwaka mmoja nyuma wangekuwa wanazungumza mambo mepesi zaidi. Flaviana aliandika tarehe za dripu kwenye daftari, akazikosea, ikambidi aziandike upya.

Kuanzia hapo akamshikilia Mwanajuma kama mtu anayezama. Wagonjwa wengine wa nyumba ya Mkuza walihudumiwa kwa zamu, lakini Mwanajuma zamu zake zote zilikuwa za Flaviana. Alimpikia uji wa ulezi, alimfulia nguo zilizotapikiwa, nywele zilipoanza kung'oka alimnyoa yeye mwenyewe kwa wembe mpya huku amemweka kichwa mapajani. Kwenye foleni ya hospitali alikaa naye tangu asubuhi hadi saa tisa. Wenzake katika kikundi wakaanza kumsifu kwamba ana moyo, na kila sifa ilimfanya atafute kazi ya kufanya jikoni.

Mwanajuma naye alikuwa mtu wa kushukuru, na hapo ndipo palipouma. "Huyu dada Mungu kaniletea," aliwaambia wagonjwa wenzake. "Ndugu wa tumbo moja asingeweza." Kila baada ya sala ya alasiri aliinua viganja akaomba, na katika kuomba alimtaja Mama Stella kwa jina, amlipe Mungu, ampe umri, amfiche na aibu za dunia na akhera. Flaviana aliisikia dua hiyo siku moja akiwa na ndoo mlangoni. Siku zilizofuata, saa kumi ikikaribia, alifungua bomba la jikoni akaliacha likimwagika.

Alikuwa anataka kusema. Msidhani hakutaka. Alijaribu kwenye foleni, akaishia kuuliza kama anasikia kiu. Alijaribu wakati wa kunyoa. Alijikuta anasubiri siku ambayo Mwanajuma atakuwa na nguvu kidogo, na siku hiyo ikifika anaona si vizuri kumharibia. Akilala anaisikia sauti yake mwenyewe, asiyekohoa ashukuru Mungu, na watu wanacheka. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na tano alikuwa anavuta shuka anajifunika uso peke yake chumbani.

Baada ya dripu ya tatu uvimbe ulikuwa umepungua kweli. Kikundi kilikuwa kinajiandaa kufungua tawi la Kisarawe, sherehe ifanyike Masaki siku ya Jumamosi, na viongozi wakamwomba Mwanajuma asimame atoe ushuhuda. Akakubali. Usiku huo hakulala kwa kuupanga, na asubuhi alimweleza Flaviana wakinywa chai.

"Nitaanza na mficha maradhi kifo humuumbua. Halafu nitawasimulia habari ya yule mwalimu. Simchukii, lakini asije akawafundisha na wengine vile. Unaonaje, dada?"

"Sema yote," Flaviana alisema, akainuka kuosha kikombe chake.

Mwanajuma alirudishwa kwao Masaki kupumzika siku chache kabla ya dripu ya nne, iliyopangwa Jumatatu. Jumapili, siku sita kabla ya sherehe, baada ya misa ya kwanza, Flaviana akapanda gari hadi Kisarawe mjini, akampigia simu mkwewe. Evance akaja na pikipiki ya kata. Mama mkwe akaketi upande, mkoba wake ameuweka katikati yao, na njia nzima hawakusemezana ila habari za mvua.

Walipofika, Evance alibaki barabarani anazungumza na Maulidi, mume wa Kudra. Mwanajuma alikuwa uani kwenye kigoda, kichwa kimefungwa kitambaa, anamenya mihogo. Alifurahi kumwona mgeni wake, akataka kuinuka. Flaviana akamzuia, akaketi kwenye mkeka chini yake.

"Mama Kudra, nimekuja kukwambia kitu. Yule mwalimu ni mimi."

"Mwalimu yupi?"

"Wa kifua."

Kisu kikasimama. Mwanajuma alimwangalia usoni, akaangalia miwani, akamwangalia tena.

"Evance ni mkwe wangu," Flaviana alisema. "Siku ile aliketi mbele. Nikashindwa kutaja titi mbele yake. Nikasema kifua, na nikaendelea hivyohivyo mpaka mwisho."

Kuku wakaja wakadonoa maganda, hakuwafukuza. Aliangalia barabarani walikosimama wale wanaume wawili. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Flaviana akadhani analia, kumbe anacheka, cheko la chini lisilo na furaha nyingi.

"Kumbe na wewe," alisema. "Dada, mimi nilijua unasema ziwa. Mwanamke gani asijue? Hao wazee ndio walidhani kikohozi. Nilitaka kuuliza habari ya ziwa langu. Lakini nyuma yangu alikaa Maulidi, goti lake hapa mgongoni. Ningesemaje ziwa, na mkwe ananisikia? Ndiyo nikauliza ya kukohoa. Nikasema moyoni, huyu ni mwalimu, atajua ninachouliza." Akatikisa kichwa. "Hukujua. Ungejuaje, na mimi nilizunguka? Si kosa lako peke yako. Niliuliza vibaya."

Akaweka kisu chini, akauchukua mkono wa Flaviana kwa mkono wake uliolowa maji ya muhogo, akaushika.

Msamaha huo umefika. Umeletwa hadi mkekani, hata kuombwa haukuombwa. Flaviana alitakiwa aseme amina tu, wacheke wote wawili habari za wakwe, na Jumamosi ushuhuda uwe mtamu. Mimi ningekuwa yeye sijui ningefanya nini, na wewe usijidai unajua. Mkono wa Mwanajuma ulikuwa mwepesi, umekonda, kucha zimekuwa nyeusi kwa dawa. Flaviana aliona aibu kuushika kuliko aibu zote alizowahi kuona.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nililielewa swali lako. Siku ileile, palepale. Niliuona mkono wako ndani ya mtandio. Nikasema vile ili watu wacheke, tupite." "Na hemani nilikuwa mimi mwenye tochi. Ulipoeleza, nikasema ni shirika jingine."

Mwanajuma akauondoa mkono wake. Hakuuvuta kwa nguvu, aliuondoa tu, akaufuta kwenye kanga. Akaokota kisu, akamaliza kumenya muhogo ule aliouanza, akautumbukiza kwenye beseni, akachukua mwingine.

"Mjukuu wangu ana miezi minane," alisema baadaye. "Nilipokuuliza lile swali alikuwa hajatungwa hata mimba."

Flaviana aliyakusanya maganda ya muhogo yaliyotawanywa na kuku.

"Kesho gari lije," Mwanajuma alisema. "Nitapanda. Mimi nataka kupona. Ila wewe usiwemo. Mlete Petronila."

"Sawa, Mama Kudra."

"Na Jumamosi sisimami mimi. Simama wewe. Useme ziwa, useme titi, lolote utakaloweza, lakini usiseme kifua. Maulidi atakuwepo, na huyo wako atakuwepo."

"Nitasema."

"Haya. Nenda, jua linakuwa kali."

Flaviana alisimama, akachukua mkoba wake. Akafika barabarani. Evance alikuwa ameshawasha pikipiki, Maulidi akamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba.

"Tayari, mama?" Evance aliuliza. "Kesho nikupokee saa ngapi na gari?"

"Kesho sitakuwemo, baba. Atakuja nesi Petronila."

"Kwa nini, mama? Unaumwa?"

"Siumwi. Zima pikipiki."

Akaizima. Flaviana alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa muda mrefu hivyo tangu alipomwoza binti yake.

"Yule mama ana saratani ya titi," alisema, "na mimi ndiye niliyemchelewesha, kwa sababu wewe ulikuwepo na niliona haya kulitaja."

Evance aliangalia tangi la mafuta. Maulidi aliangalia miguu yake. Flaviana alibaki amesimama kati yao na mkoba wake, anangoja mmojawapo aulize. Hakuna aliyeuliza, basi akaanza kueleza mwenyewe.